Feldsha ni kinyozi aliyeingia vitani

Anayekutana na neno feldsha mara nyingi hulikuta kwenye habari za Urusi: tabibu wa kijijini, au mhudumu anayeshuka kwenye gari la wagonjwa akiwa na mkoba wake. Ndiyo maana wengi hudhani ni neno la Kirusi. Sivyo. Ni la Kijerumani, Feldscher, ufupisho wa Feldscherer. Feld ni uwanja, hapa uwanja wa vita. Scheren ni kunyoa. Kwa asili yake, basi, feldsha ni kinyozi wa jeshini.

Hapo huzuka dhana inayoniudhi zaidi: kwamba jeshi liliwachukua vinyozi kwa kutojali maisha ya askari. Ulaya ya zama zile, madaktari wa vyuo vikuu kwa kawaida hawakushika kisu. Waliagiza dawa na kuchunguza mkojo. Makasisi nao walikatazwa upasuaji wa kukata na kuchoma na Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, wa mwaka 1215. Mwenye wembe mkali na mkono uliozoea ngozi ya mtu alikuwa kinyozi. Ndiye aliyeng'oa meno, akatumbua majipu, akaumika, akakata miguu iliyooza.

Na walikuwamo mafundi hasa. Mfaransa Ambroise Paré alianzia kwenye unyozi. Vitani Italia, karibu mwaka 1537, aliishiwa mafuta ya moto, ambayo siku hizo yalimiminwa kwenye majeraha ya risasi. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka majeruhi waliosalia. Usiku usingizi ulimpaa, akihofia kuwakuta wamekufa. Alfajiri aliwakuta wametulia, ilhali waliochomwa kwa mafuta walikuwa na homa, maumivu na uvimbe.

Ni kweli kwamba feldsha wa Prussia, ufalme wa Wajerumani, katika karne ya 18 walikuwa bado wakiwanyoa maofisa wao.

Wengine humwona feldsha kama daktari aliyeshindwa kumaliza masomo. La, ni kada yenye mafunzo yake, inayokaribiana na ya ofisa tabibu. Tsar Petro Mkuu, mtawala wa Urusi, aliiingiza katika jeshi la nchi yake mwanzoni mwa karne ya 18. Waliomaliza utumishi walirudi uraiani na ujuzi wao, wakatibu wanavijiji ambao daktari hakuwafikia. Leo feldsha wengi nchini humo ni wanawake, raia wa kawaida, wala hawana wembe mkobani.