Siku 60 za saratani ya matiti huanza kuhesabiwa lini?

Mpango wa saratani ya matiti wa Shirika la Afya Duniani, uliozinduliwa mwaka 2021, unataka mgonjwa apate jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu alipofika kwa mhudumu wa afya kwa mara ya kwanza. Ninapowafundisha watafiti chipukizi wa fani mbalimbali hapa Mwanza, huwauliza kwanza siku hizo zinaanza lini.

Mwanatakwimu hufungua jalada la mgonjwa na kuchukua tarehe ya rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando. Muuguzi humpinga, kwa kuwa mama huyo alikwisha kuonyesha uvimbe wake katika zahanati kisiwani Ukerewe, akapewa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani kutafuta nauli ya kivuko cha Nansio. Mwanaanthropolojia naye huuliza zinakoma lini: majibu yanapotoka maabara, au mgonjwa anapoambiwa akaelewa? Wote wana hoja, lakini kila mmoja akihesabu kwa njia yake, mgonjwa yuleyule atakuwa amewahi kwa mmoja na kuchelewa kwa mwingine. Katika utafiti wangu wa kwanza tulichanganya tarehe za aina mbili katika safu moja, ikatubidi kupitia majalada yote upya. Ndiyo maana nasisitiza wafundishwe pamoja tangu swali la utafiti linapoandikwa. Mwanatakwimu anayeitwa mwishoni hana namna ya kuiponya data iliyokusanywa vibaya.

Somo ninalolithamini zaidi ni la maabara ya patholojia. Kinyama kilichokatwa kwenye titi hutakiwa kuwekwa katika fomalini ya asilimia 10, yaani dawa ya kukihifadhi kisiharibike, ndani ya saa moja, kisha kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Kikicheleweshwa, kipimo cha vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni, kinaweza kuonyesha kwamba havipo ilhali vipo, na mgonjwa aliyestahili tamoksifeni, dawa inayozuia homoni hizo, akaikosa. Mchumi wa afya aliyekuwa akihesabu bei ya dawa tu, akishikishwa kichupa kisichoandikwa saa, huelewa mara moja kwamba gharama kubwa ilianzia hapo.

Fomu tunayofundishia sasa ina nafasi ya tarehe tano pamoja na saa ya fomalini. Tarehe ya tano, ambayo ni siku mgonjwa alipoelezwa majibu yake, haichukuliwi jaladani: muuguzi humuuliza mwenyewe, kwa Kisukuma au Kikerewe inapobidi.