"Wakili ni wa Baada ya Mazishi": Tunayoyaamini Kuhusu Wosia Huku Magharibi

Baba yangu mkubwa alikuwa mtu wa mipango. Alipofariki tulikuta wosia wake kwenye sanduku la bati, pamoja na hati ya shamba lake la Luanda, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Aliyemwandikia alikuwa bwana mwenye kompyuta na mihuri karibu na stendi, ambaye kila mtu alimwita wakili. Waliotia sahihi kama mashahidi ni wanawe wawili, walewale walioachiwa sehemu ya juu ya shamba. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kinasema alichoachiwa shahidi wa wosia ni batili, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili zaidi wasiohusika na urithi. Hawakuwepo. Binamu zangu walipoteza walichoachiwa na baba yao kwa sababu ya sahihi zao wenyewe.

Tangu siku hiyo nikisikia wosia unazungumzwa, iwe matangani au kwenye matatu ya Kisumu, nasikiliza kwa makini. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Wakili ni wa baada ya mazishi."

Imani hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Mzee akishazikwa bila wosia, wakili hana la kubuni. Anafuata mgawo wa sheria. Chukua mzee mwenye wake wawili na ekari tano. Mke wa kwanza ana watoto sita, wa pili ana wawili. Wengi hudhani kila nyumba itapata nusu. Kifungu cha 40 huhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama aliye hai. Nyumba ya kwanza ina mafungu saba, ya pili matatu. Kwa hesabu hiyo, ekari tatu na nusu zinakwenda huku, moja na nusu kule. Kama mzee alitaka vingine, alipaswa kusema akiwa hai, mbele ya mtu anayejua namna ya kuyaandika.

Najua kwetu kutaja wosia huonekana kama kujitabiria kifo. Nimeona wazee wakinyamaza kwa hofu hiyo, na nimeona wajane wao wakihangaika kwenye korido za mahakama.

"Bila wakili, wosia si halali."

Si kweli. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kujiandikia, akatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao wakatia zao. Hata wosia wa mdomo unakubalika ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, mradi aliyeusema afariki ndani ya miezi mitatu. Muhuri wa kamishna wa viapo, ambao watu huulipia kwa imani kubwa, si sharti.

Sasa wakili unamlipa kwa nini? Kwa maswali yake. Je, ulioa au kuolewa baada ya kuandika wosia? Kwa kawaida ndoa mpya huufuta. Je, kuna mtoto uliyemwacha nje? Kifungu cha 26 kinamruhusu kwenda mahakamani akaomba fungu lake. Na je, shamba ni lako kweli? Mashamba mengi ya huku bado yana jina la babu aliyefariki zamani. Huwezi kumwachia mtu kitu ambacho sheria haijakukabidhi; itabidi kwanza mirathi ya babu ifunguliwe. Bwana wa pale stendi hakuuliza hata moja kati ya haya.

"Mwenye suti na ofisi ni wakili."

Wakili wa kweli ameandikishwa kwenye orodha ya mawakili na ana cheti cha kufanya kazi ambacho hutolewa upya kila mwaka. Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kina ukurasa wa kutafuta jina kwenye tovuti yake. Kama simu yako haina bando, muombe kijana wa jirani akutafutie. Usione aibu kufanya hivyo. Wakili mwaminifu hachukii kukaguliwa. Na hata ofisi ikiwa halali, uliza utahudumiwa na wakili mwenyewe au na karani wake.

"Wakili yeyote atafaa."

Aliyekushindia kesi ya ajali ya bodaboda huenda hajashika faili la mirathi kwa miaka. Muulize ameshughulikia mirathi ngapi, na kama anazijua familia za wake wengi. Ndugu zetu Waislamu, na Mumias wako wengi, wana swali la ziada: je, anaifahamu sheria ya Kiislamu? Mirathi yao hufuata sheria hiyo, na wosia kwa kawaida hauvuki theluthi moja ya mali.

"Chifu ameshagawa, na wakili wa kaka mkubwa anatutosha."

Barua ya chifu huonyesha warithi ni nani. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza wala kukata shamba. Anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili.

Wakili wa kaka naye ni wa kaka. Mkikubaliana kila kitu, mmoja anaweza kuwatosha. Mkianza kuvutana, tafuta wako, hasa dada uliyeambiwa kwamba umeolewa na hapa huna chako. Sheria inasema "mtoto", haisemi "mwana wa kiume", na mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilipoketi Eldoret ilikataa hoja kwamba binti apunguziwe urithi kwa kuwa ataolewa.

"Mawakili ni ghali."

Wengine ni ghali. Uliza gharama yote mwanzoni, uandikiwe, na kila unapolipa udai risiti. Kisha linganisha na kesi ya ndugu dhidi ya ndugu.

Mwaka uliofuata kifo cha baba mkubwa nilimsindikiza mama kwa wakili mjini Kisumu. Alibeba kitambulisho, hati ya shamba na karatasi yenye majina yetu sote, pamoja na la dada yetu aliyezaliwa kabla ya mama kuolewa. Wakili alilisoma jina hilo, akamuuliza mama kwa upole anamkusudia nini. Mama alizungumza kwa muda mrefu. Mashahidi walikuwa majirani wawili wasiorithi chochote. Nakala moja ilibaki ofisini, wosia wenyewe uko nyumbani, na watoto wote watano tunajua ulipo.