Zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, na bado sauti haikupitwa

Dhana: Boeing 747 iliwahi kuipita sauti juu ya Atlantiki.

Ukweli: Maneno haya yalianza Februari 2020, siku za dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilipotoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Njiani ilionekana ikikimbia zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, na huko juu sauti yenyewe huenda kama 1,060. Ila namba ile ni mwendo juu ya ardhi. Hewa yote iliyoizunguka ndege ilikuwa ikikimbilia mashariki nayo, na ndani ya hewa hiyo ndege ilibaki chini ya mwendo wa sauti, kama siku zote. Wapo wanaodai dunia ikizunguka ndiyo inayofupisha safari. Hewa huzunguka pamoja na dunia. Kinachofupisha safari ni upepo.

Dhana: GPS ingemtosha rubani kujua mwendo wa ndege.

Ukweli: GPS haijui upepo, na bawa hubebwa na hewa, si na ramani. Ndiyo maana ndege ina mirija ya pito, midomo ikitazama mbele, inayopima msukumo wa hewa inayoingia. Kwenye kimo cha kilomita 11 hewa ni nyepesi, hivyo kipimo hicho huweza kusoma kama kilomita 500 kwa saa huku ndege ikikata hewa kwa 900. Tarehe 1 Juni 2009 mirija ya Air France 447 iliziba kwa barafu juu ya Atlantiki. Vipimo vikapingana, otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege yenyewe, ikajizima, marubani wakashindwa kuidhibiti ndege. Watu 228 walikufa.

Dhana: Kihisi cha mwendo cha simu iliyo mapajani hupima jinsi ndege inavyoongeza kasi.

Ukweli: Kwenye njia ya kurukia, ndiyo, kwa kiasi. Lakini pua ikiinuka nyuzi 15, simu hulala nayo, na sehemu ya uvutano wa dunia huingia kwenye mhimili wa mbele na nyuma. Utasoma karibu robo ya g (g ni kipimo cha uvutano wa dunia) hata kama mwendo haujaongezeka hata chembe. Sikio lako la ndani, linalohisi mwendo na mlalo, nalo hudanganyika vivyo hivyo. Mitambo ya ndege huwa na jairo, yaani vifaa vya kupimia mlalo, zinazojua pua imeinuka kiasi gani, ikaondoa uvutano kwenye hesabu. Ukitaka mwendo tu, isogeze simu dirishani ipate setilaiti. Hapo GPS yake haina ubaya.