Mlowezi si Mkoloni, na Mgambo si Askari

Jumapili iliyopita mpwa wangu, yuko darasa la sita, aliniletea daftari lake la historia nimsaidie. Swali la nne lilisema: "Taja mlowezi wa Kijerumani aliyepigana na Mkwawa." Jibu alilonakili ubaoni: Tom von Prince. Chini yake, kwa kalamu nyekundu na mstari wa rula, maana ya neno: "Mlowezi ni mkoloni aliyekuja kututawala."

Ningenyamaza, maana hilo ni daftari la mtoto. Lakini juma hilo hilo nilikuwa nimemsikia mchambuzi mmoja redioni akimwita mkuu wa wilaya wa enzi ya Mwingereza "mlowezi", na kabla ya hapo kwenye kundi letu la ukoo mtu alimwita mlowezi kila mzungu aliyewahi kushuka melini, mmisionari na daktari wakiwemo. Mara tatu zinatosha.

Maana yenyewe ni fupi. Mlowezi ni mtu aliyehamia nchi isiyo yake, akashika ardhi, na nia yake ni kubaki hapo yeye na wanawe. Kutawala si kazi yake. Anaweza kumtumia mtawala, kumbembeleza, hata kumtukana, lakini yeye amekuja kukaa.

Neno lenyewe linajieleza ukilisikiliza. Kitenzi ni kulowea: kukaa mahali mpaka ukapazoea na kurudi kwenu kukatoka akilini. Watu wa pwani husema, "Alikwenda Pemba kununua karafuu, akalowea huko huko." Kutoka kulowea tunapata mlowezi, kama vile kutetea kunavyotupa mtetezi na kupokea mpokezi. Mimi hupenda kulisikia karibu na kulowa, kama nguo iliyokaa majini mpaka kila uzi umeshiba maji, ila hilo ni pendo langu na simlazimishi mtu. Ndiyo maana mipakani kwetu utasikia watu wakiitwa walowezi ambao hawana bendera wala bunduki, wamekaa tu miaka thelathini bila vibali. Wamelowea. Kenya wazee wengi walisema setla, masetla, na wote walielewana.

Sasa mkoloni. Neno hili lina mzaha ndani yake, na ndio unaonikera zaidi, kwa sababu anayekosea anaweza kunigeuzia Kilatini. Warumi walikuwa na kitenzi colere, kulima. Mlimaji akaitwa colonus, na mahali walipopandikizwa walimaji hao pakaitwa colonia. Mji wa Köln kule Ujerumani umebeba jina hilo mpaka leo. Na Warumi walipenda kumgawia askari mstaafu shamba katika nchi waliyoiteka, alime, azae, na siku ya hatari awe karibu na upanga wake. Kwa hiyo kwa Mrumi, mkoloni hasa ndiye huyu tunayemwita mlowezi!

Lakini neno likihama nyumba hubadili tabia. Lilipofika kwetu halikuja na jembe. Lilikuja na boma, kodi ya kichwa, bendera na hakimu. Mzee akisema "wakati wa mkoloni" hafikirii shamba la kahawa la bwana fulani; anafikiria serikali. Kwa Kiswahili chetu mkoloni ni yule anayetawala kwa niaba ya dola iliyo mbali, au dola yenyewe. Ofisa wake humaliza zamu, hupewa nishani, hupanda meli. (Beberu ni mnyama mwingine, tumwache na ndevu zake.)

Turudi kwa Prince, kwa sababu maisha yake yamekatika katikati kama kwa makusudi ya somo hili. Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba Mwingereza, mama Mjerumani, akalelewa Ujerumani na kuingia jeshini. Akaja huku akiwa ofisa wa Schutztruppe, yaani jeshi la serikali ya Kijerumani. Wahehe, watu wa Mkwawa, walikuwa wamekwisha kuwavunja Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, Zelewski. Prince alikuwamo ngome ya Kalenga ilipoanguka mwishoni mwa Oktoba 1894, mwaka 1896 akajenga boma la Iringa, na ndiye aliyeongoza msako wa Mkwawa mpaka mtemi huyo alipojiua Julai 1898. Miaka yote hiyo alikuwa na mshahara, cheo na amri kutoka juu. Hakuwa na shamba Uhehe. Huyo ni mkoloni kwa maana yetu, au tuseme mkono wa mkoloni.

Watu walimpa jina: Bwana Sakarani. Sakarani ni mlevi, neno la Kiarabu lile lile linalotupa sakaratulmauti, ule ulevi wa mtu anayekata roho. Inaelezwa kuwa aliitwa hivyo kwa jinsi alivyoingia vitani kama mtu aliyelewa. Angalia basi lilikokwenda jina hilo. Mwaka 1900 aliacha jeshi, akapanda milima ya Usambara na mkewe Magdalene, akafungua shamba, na shamba likaitwa Sakarani. Mlevi wa vita akalowea! Ukipita juu ya Soni leo, jina liko pale pale. Shamba ni la watawa wa Kibenediktini, wanalima makadamia.

Hapo sasa, kuanzia 1900, mwite mlowezi na sitakusahihisha. Na utaona mara moja kwa nini tofauti hii si ya kukata unywele. Gavana Rechenberg, aliyeshika koloni mwaka 1906 hadi 1912, aliona faida kubwa ingetoka kwa mkulima Mwafrika mwenye pamba na karanga zake. Walowezi wa Usambara walimchukia kwa hilo. Gazeti lao la Tanga, Usambara-Post, lilimshambulia kama adui. Walitaka ardhi zaidi, reli, sauti barazani, na juu ya yote vibarua. Mkoloni na mlowezi, Wajerumani wote wawili, wanavutana mashati. Kenya walifika mbali zaidi: mwaka 1922 na 1923, walowezi walipoona London inataka kuwapa Wahindi haki walizojiwekea wao, walipanga kumteka nyara gavana wao wenyewe, Coryndon. Ukiwaita wote "wakoloni" ugomvi huo utausomaje? Utaona mtu anajipiga kofi.

Wala usinisikie nikimsafisha mlowezi. Kwa Msambaa aliyeishi bondeni, gavana alikuwa jina tu. Mlowezi alikuwa jirani. Mwaka 1907, wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomdai siku 30 za kazi kwa mzungu kila miezi minne. Chukua kadi hiyo mkononi kwa mawazo tu: siku moja, alama moja, mpaka thelathini zitimie, na mahindi yako mwenyewe yanangoja palizi. Asiyeijaza alipelekwa kazi za serikali. Kanuni ni ya mkoloni, jasho likamwagika shambani kwa mlowezi. Ndiyo maana nataka kila mmoja aitwe jina lake, ajulikane alifanya nini.

Limebaki la mgambo, na hapa ndipo niligombana na redio peke yangu jikoni. Mchambuzi yule yule alisema walowezi wa 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, walikuwa "askari wa Kijerumani". Askari ni mtu wa mshahara na kambi. Schutztruppe ilikuwa na maelfu yao, Waafrika, na hao ndio waliobeba vita ile. Walowezi walikuwa kitu kingine. Agosti 1914 waliacha kahawa na katani, wakachukua bunduki zao za kuwindia, wakaja. Kule Nairobi walifanya vivyo hivyo, wengine juu ya farasi, wengine juu ya nyumbu, wakaitwa East African Mounted Rifles.

Hao ni mgambo. Siku hizi ukisema mgambo mtu anaona fimbo na beseni la nyanya la mama ntilie likipinduliwa, lakini neno ni la heshima kuliko hivyo. Mgambo kwanza ni tangazo, wito wa hadharani. Ndiyo maana tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: mbiu ni pembe inayopigwa, mgambo ni ule wito. Naliona udugu na okugamba ya Kiganda, kusema, na ekigambo, neno. Kutoka wito, jina likahamia kwa walioitwa, na baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 likakaa rasmi kwa jeshi la wananchi wenye kazi zao nyingine. Mgambo ni mtu aliyeacha jembe kwa sababu pembe imelia.

Prince aliitikia pembe hiyo. Kapteni mstaafu, miaka 48, akawakusanya wazungu wa mashambani na katikati ya Agosti akaiteka Taveta, upande wa Waingereza. Ndiyo, najua, makaratasi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, yaliwaingiza kwenye hesabu ya jeshi la serikali. Makaratasi hufanya hivyo. Novemba Waingereza walishusha watu wapatao 8,000 Tanga, wengi wao Wahindi, dhidi ya Wajerumani na askari wao elfu moja hivi. Tarehe 4 Prince aliuawa mjini humo akiongoza kombania za walowezi, mtoto wa Mwingereza kwa risasi za upande wa babake. Siku moja tu kabla, tarehe 3, walowezi wa Kenya walikuwa wakipigana Longido, upande wa Wajerumani wa mpaka.

Basi nilimrudishia mpwa wangu daftari. Sikufuta wino mwekundu, kwa sababu mwalimu wake ana watoto wengi na chaki chache. Pembeni, kwa penseli, niliandika "ofisa" juu ya neno mlowezi katika swali la nne, na chini: "Mlowezi alikuwa 1900 hadi 1914, Sakarani." Akaniuliza kama mwalimu akikasirika aseme nani kaandika. Nikamwambia aseme ni mjomba, na kwamba mjomba anamsalimu.