Je, wajua? Kwa nini sukuma huanzia kwenye maji ya moto ndipo iingie kwenye friza

Fungua pakiti ya sukuma wiki iliyogandishwa mbichi wiki sita zilizopita. Kabla hujaiangalia vizuri, harufu inakufikia: nyasi kavu, kama zizi la ng'ombe wakati wa kiangazi. Kijani kimefifia, kimeingia rangi ya kaki. Ukiikaanga na kitunguu na nyanya, kuna uchungu fulani unaobaki mdomoni na chumvi haiuondoi. Sasa fungua pakiti iliyolala kando yake, ya fungu lile lile kutoka soko la Kibuye, hapa Kisumu. Hii bado ni kijani kibichi. Tofauti ya pakiti hizo mbili ni dakika tatu ndani ya maji yanayochemka.

Kwa nini mboga inayoelekea kwenye barafu ianzie kwenye moto?

Kwa miaka kadhaa niliamini hakuna haja. Jumapili jioni nilikuwa nikitoka Kibuye, naosha, nakatakata, nafunga mafungu madogo ya kupika siku za kazi, naingiza kwenye friza. Mboga zilipobadilika nililaumu vijidudu. Baadaye nikalaumu stima inayopotea, kisha nikalaumu friza. Shangazi yangu, aliyepika hotelini hapa Kisumu kwa miaka mingi, ndiye aliyenusa pakiti moja akaniuliza, "Mwanangu, hii uliichovya?" Nikamjibu, "Shangazi, niliiosha vizuri sana." Nilidhani anaulizia usafi.

Hakuwa anaulizia usafi, alikuwa anaulizia kuchovya kwenye maji yanayochemka, na kosa langu ni la watu wengi. Tunaiona friza kama mahali ambapo saa imesimamishwa: ulichoweka leo utakikuta vile vile. Kwa upande wa vijidudu, imani hiyo ina ukweli wake. Kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri, kiwango ambacho friza ya nyumbani inapaswa kufikia, vijidudu vinavyoharibu chakula havizaliani. Lakini kutozaliana si kufa. Vingi vinalala tu, na chakula kikiyeyuka juu ya meza vinaamka na kuendelea vilipoachia. Ndiyo maana nyama au samaki wa friza ni wa kuyeyushwa ndani ya friji, na kupikwa kama mbichi, maana ni mbichi.

Kwa hiyo vijidudu vililala, na mboga bado iliharibika. Nani aliiharibu?

Ni jani lenyewe. Jani la sukuma halifi linapochumwa. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani protini ambazo kazi yake ni kuharakisha mabadiliko ya kemikali: kukuza, kukomaza, kuozesha. Fikiria kila seli kuwa nyumba yenye vyumba vingi. Mafundi, yaani vimeng'enya hivyo, wamefungiwa chumba kimoja, vifaa wanavyovitafuta viko chumba kingine. Kuta zikiwa imara, kila mmoja yuko kwake na jani linabaki jani. Ukilichana au kulipondaponda, kuta zinabomoka na mafundi wanavifikia vifaa. Ndiyo maana majani yaliyokatwa hutoa harufu kali kuliko yaliyo mzima.

Barafu hubomoa kuta hizo. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza anajua kinachofuata. Zaidi ya kutanuka, friza ya nyumbani hugandisha taratibu, na barafu inayojijenga taratibu hukua vipande vikubwa vyenye ncha vinavyotoboa kuta. Mmarekani Clarence Birdseye alipokuwa Labrador, kaskazini-mashariki mwa Kanada, kati ya 1912 na 1915 aliona samaki waliovuliwa kwenye baridi kali sana wakiganda papo hapo, na wakiyeyushwa wanakuwa kama wametoka majini. Barafu yao ilikuwa ndogondogo. Mwaka 1930 vyakula vilivyogandishwa haraka kwa mbinu yake viliingia madukani mjini Springfield, Massachusetts. Friza zetu hazina kasi hiyo, kwa hiyo kuta zitabomoka tu.

Bado nilijiuliza: mafundi watafanyaje kazi katika baridi ya namna hiyo, kila kitu kikiwa kigumu kama jiwe? Hapa ndipo jambo hili liliponishika kabisa. Si kila kitu kimeganda. Fikiria mchuzi unaotokota bila kifuniko. Maji yanaondoka kama mvuke, chumvi inabaki, na kadiri mchuzi unavyopungua ndivyo chumvi inavyozidi. Kwenye friza maji pia yanaondoka, ila yanaingia kwenye barafu. Barafu inachukua maji matupu, na chumvi, sukari na asidi za jani zinaachwa kwenye maji yaliyosalia. Maji hayo yanazidi kuwa mazito, na kadiri yanavyokuwa mazito ndivyo yanavyokataa kuganda. Hata kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri, katikati ya barafu kuna vijishimo vya maji mazito ambayo hayajaganda, na humo mafundi na vifaa vyao wamebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Baridi imewapunguzia kasi sana, lakini kazi haijasimama. Wapewe wiki kadhaa, watakula kijani, watakula vitamini C, na watageuza mafuta kidogo yaliyomo kwenye jani kuwa ile harufu ya nyasi kavu.

Baridi humlaza fundi, moto humwondoa kabisa. Yai linaonyesha hili vizuri. Ute ukiwa kwenye friji unabaki majimaji. Ukiingia maji ya moto unakuwa mweupe, mgumu, na hakuna baridi itakayourudisha ulivyokuwa. Vimeng'enya navyo ni protini. Dakika chache ndani ya maji yanayochemka zinavipindua umbo, na baada ya hapo barafu ibomoe kuta inavyotaka: hakuna fundi aliyebaki.

Lakini kuchovya nusunusu ni kubaya kuliko kutochovya. Joto la juujuu linalainisha kuta na kuwachangamsha mafundi bila kuwamaliza. Kwa hiyo maji yawe mengi, yaliyochachamaa, na mboga iwe kidogo: lita 4 kwa robo kilo ya majani. Anza kuhesabu maji yanaporudi kuchemka. Sukuma ni dakika 3, spinachi 2. Kisha majani yaende moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi sana kwa muda ule ule, yakamuliwe kwa mikono, yafungwe kwenye mifuko iliyotolewa hewa na kulazwa bapa. Kwa mboga za kienyeji kama managu na sageti mimi hutumia dakika 2, na zimenifaa, ingawa hilo ni jaribio la jiko moja tu.

Mahali unapoishi nako kuna maana. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru, karibu mita 1,850, yanachemka kwenye nyuzi 94. Ukiwa juu ya mita 1,500, ongeza dakika moja. Na magadi, tafadhali, yasiingie kwenye maji hayo. Ni kweli yanaipa mboga kijani cha kupendeza, lakini yanailegeza na kuimaliza vitamini C.

Si kila kitu kinahitaji maji ya moto. Vitunguu na pilipili hoho hukatwa na kugandishwa vibichi. Nyanya pia huingia mbichi, nzima, na hapo ule ubomozi wa barafu unatusaidia. Jumatano jioni, ukirudi umechoka, toa nyanya mbili zilizo ngumu kama mawe uziweke chini ya bomba. Maganda yanateleza yenyewe, yanabaki mkononi kama karatasi. Zikigusa kitunguu kwenye sufuria zinalegea na kuwa mchuzi kabla hujamaliza kusonga ugali, na sukuma inaingia ikiwa bado imeganda, bila kusubiri iyeyuke.