Jua Ni Mwani Gani Kabla Hujamwaga Dawa

"Nimepima fosfeti nikapata sufuri, naitreti sufuri, mbona mawe yote ya tangi langu la maji ya chumvi yamefunikwa na mwani?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote. Anayeuliza huwa ameshanunua chupa ya dawa na anasubiri tu nimwambie amwage vifuniko vingapi. Namwomba aiweke kando, anitumie picha za karibu, moja ya mchana na moja ya alfajiri kabla taa hazijawaka. Natunza matangi ya maji ya chumvi majumbani na hotelini hapa Mombasa, na nimeshuhudia matumbawe mazuri yakifa kwa sababu tu ugonjwa ulikuwa mmoja na tiba ikawa ya mwingine.

Tuanze na hiyo sufuri. Fosfeti na naitreti ni chakula cha mwani, na kipimo husoma kilichobaki majini. Kilichokwisha kuliwa na mwani hakisomeki. Tena mawe ya tangi ni kalsiamu kaboneti, nayo hushika fosfeti na kuiachia polepole kwa miezi mingi, ndiyo maana jiwe lililotoka kwenye tangi lililolishwa kupita kiasi huendelea kuota nywele za kijani hata ukilihamishia kwenye maji safi. Kwa hiyo tangi lenye mwani mwingi na vipimo vya sufuri kwa kawaida lina chakula tele, ila kinapita kutoka jiweni hadi mdomoni bila kuonekana njiani.

Huku kwetu mlango mkubwa wa chakula hicho ni maji ya kujazia. Joto la Mombasa hukausha maji haraka, hasa ukiweka feni juu ya tangi. Yanayopaa ni maji matupu. Chumvi na kila kilichoyeyuka hubaki. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku. Kwa mwezi umeongeza lita 90. Ikiwa ni maji ya kisima yenye naitreti miligramu 40 kwa lita, umetia miligramu 3,600, yaani 18 kwa kila lita ya tangi lako, kwa mwezi mmoja, kabla hujamlisha samaki hata mmoja. Kisima kilichochimbwa karibu na choo cha shimo kinaweza kuzidi hapo. Nunua kipimo cha TDS, kinachosoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, si ghali, uyapime maji yako leo. Mashine ya RO (inayosukuma maji kupita kwenye utando wa kuchuja) wanayotumia wauza maji ya kunywa hupunguza sana, lakini maji yake hayafiki sufuri, na wengine huyarudishia madini ili yawe na ladha. Unahitaji hatua ya mwisho ya resini, punje zinazonasa madini yaliyobaki. Na resini ikianza kuchoka, silika, madini yale yale ya mchanga, ndiyo hupenya ya kwanza.

Wanaochota maji baharini nawaunga mkono, mradi wachague wakati. Chota maji yakijaa, siku za bamvua, upande wa bahari kuu, mbali na mlango wa kijito chochote. Masika acheni kabisa: chumvi hushuka, na mvua huteremsha taka zote za mji.

Sasa rangi ya kahawia, ambapo watu wengi hupotea. Tangi jipya likifunikwa na vumbi la kahawia kwenye mchanga na kioo, hizo kwa kawaida ni diatomu, mwani wa chembe moja. Zinakula silika, na ikiisha zinaondoka zenyewe baada ya wiki chache. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kwa vipande ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea. Ufyonze kwa mpira wa kubadilishia maji, elekeza pampu pale maji yanapolala, na ukibidi zima taa siku tatu. Dawa za antibayotiki zinazouzwa kwa ajili yake sizitumii: zinaua na bakteria unaowategemea, na mwisho wake maji hayo yanamwagwa kwenye mfereji.

Kamasi ya kahawia yenye nyuzi na mapovu, inayopungua usiku na kurudi mchana, huku konokono wakifa mmoja mmoja, hiyo ni dinoflajeleti, viumbe vidogo vya chembe moja. Hapa ndipo ile chupa ya dawa ya kuondoa fosfeti inapoleta maafa. Viumbe hawa hustawi hasa pale naitreti na fosfeti zimekwisha na washindani wao wamekufa kwa njaa. Ukizidi kusafisha, unazidi kuwaachia uwanja.

Kuthibitisha ni rahisi. Fyonza kamasi kidogo, itie kwenye chupa yenye maji ya tangi, tikisa sana hadi itawanyike, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha weka maji yaliyopita mahali penye mwanga. Zikijikusanya tena kuwa nyuzi ndani ya saa moja hivi, ni zenyewe. Kwa hadubini ya wanafunzi utaona ni aina gani: Ostreopsis ina umbo la tone na huzunguka kwenye ncha yake, Amphidinium ni duaradufu na hukaa mchangani. Tofauti hiyo inaamua tiba. Ostreopsis huelea majini usiku, hivyo taa ya UV, ya miale inayoua vijidudu, inayovuta maji moja kwa moja kutoka kwenye tangi huimaliza. Amphidinium haipandi, UV haiigusi. Yenyewe huzidiwa na diatomu, kwa hiyo tunatia silika makusudi. Kwa zote mbili, simamisha kubadilisha maji kwa muda na uipandishe naitreti hadi miligramu 5 au 10 kwa lita na fosfeti hadi 0.05 au 0.1.

Nawasihi mvae glavu. Ostreopsis ina sumu. Mwaka 2005 huko Genoa, Italia, watu wapatao 200 walihitaji matibabu kwa homa, kikohozi na shida ya kupumua baada ya kuvuta hewa ya pwani wakati ilipochanua baharini. Usisugue mawe yenye kamasi hiyo nje ya maji, na usiirushe rushe.

Nywele za kijani za kawaida ondoa kwa mkono, kisha punguza chakula. Ila angalia umbo: ukiona vitawi vimepangwa pande mbili mfano wa unyoya, hiyo ni Bryopsis, na njaa pekee haiiwezi. Hapo, na hapo tu, natumia flukonazoli, zile dawa za fangasi za duka la dawa, miligramu 5 kwa lita, nikiwa nimetoa kaboni ya kuchujia na kusimamisha skima, mashine ya povu inayotoa uchafu majini. Hunyauka ndani ya wiki mbili tatu.

Halafu wanyama wanaokula mwani. Karibiani ilitufundisha thamani yao. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua karibu wote wale wanyama weusi wa miiba mirefu, Diadema, waliokuwa wakiukwangua mwamba. Jamaica, iliyokuwa tayari imepigwa na kimbunga na uvuvi wa kupindukia, iliporomoka: matumbawe kutoka asilimia 52 ya mwamba hadi 3, mwani kutoka 4 hadi 92. Tangi lisilo na mlaji litafika huko huko. Samaki tafi hula mwani vizuri sana, lakini wa kwetu hupita sentimita 30, na lita 200 ni kumtesa. Konokono wanatosha, anza na wachache uongeze kadiri mwani ulivyo, kwani wakikosa chakula hufa, na mizoga yao ni fosfeti mpya. Wanunue kwa mwenye leseni. Ndani ya mbuga ya bahari (Marine Park) ya Mombasa au Kisite hairuhusiwi kutoa kitu, hata jiwe.

Baada ya hapo lipe tangi muda. Jiwe lililoshiba fosfeti huchukua miezi kuiachia, na kipimo kinaweza kupanda mwani ukipungua. Usishtuke ukaikimbilia chupa. Badilisha asilimia 10 ya maji kwa wiki na uandike namba zako daftarini.