Mgonjwa amelala, mwili haujalala: dhana potofu kuhusu nusu kaputi

"Ukipigwa nusu kaputi, mwili wote umezimwa." Hii ndiyo naisikia zaidi, na si kweli. Dawa za usingizi huondoa fahamu. Moyo, mishipa ya damu, mboni za macho na tezi za jasho huendelea kuongozwa na mfumo wa neva unaojiendesha, ambao hufanya kazi bila sisi kuuamuru. Dawa huupunguza nguvu tu.

Tazama dakika za mwanzo za operesheni. Mgonjwa ameshalala, akiitwa haitiki. Kifaa cha chuma kinaingizwa mdomoni kuinua ulimi ili mpira wa kupumulia upite kooni. Dawa ya kuzuia maumivu ikiwa haikutosha, muda si muda presha inapanda na mapigo ya moyo yanakwenda mbio.

Hapo huzuka dhana ya pili: "Mapigo yakipanda, ujue ameamka." Kuhisi maumivu kunahitaji fahamu, na kwa kawaida huyu hana. Taarifa ya kuumizwa imefika kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo, na neva za simpathetiki, sehemu ya mfumo huo inayouharakisha moyo, zimejibu. Kwa moyo wenye mishipa iliyosinyaa, jibu hilo ni hatari, hivyo halipuuzwi. Lakini mapigo hupanda pia kwa sababu damu inapotea, hewa ya kaboni imejaa mwilini au joto limezidi. Anayeongeza dawa ya usingizi kabla ya kutafuta chanzo anaweza kumdidimiza mgonjwa anayevuja damu.

Wala si kila kuguswa hupandisha mapigo. Katika upasuaji wa makengeza, hasa kwa watoto, daktari akivuta msuli wa jicho moyo unaweza kupunguza mwendo ghafla, hata kusimama kwa muda mfupi. Hiyo ni kazi ya vagasi, neva inayopunguza kasi ya moyo, na jambo hili limeelezwa tangu 1908. Mtaalamu wa usingizi humwambia mpasuaji aachie, na mara nyingi mapigo hurudi papo hapo. Yasiporudi, kuna atropini, dawa inayoizuia vagasi.

Dhana inayonitia wasiwasi kuliko zote ni hii: "Presha na mapigo vimetulia, basi kila kitu ni shwari." Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza kuumizwa na mapigo yasipande. Mwenye kisukari cha miaka mingi huenda neva zake zinazojiendesha zimeharibika, presha ikaanguka bila moyo kuongeza kasi ya kufidia. Aliyepewa dawa ya kulegeza misuli anaweza hata kurejewa na fahamu asiweze kusogeza kidole. Ni nadra: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2014 ulikadiria taarifa 1 ya kurejewa na fahamu kwa kila nusu kaputi 19,000 hivi.

Kipimo cha mawimbi ya ubongo, chenye namba kutoka 0 hadi 100 ambayo wengi huiweka kati ya 40 na 60, husaidia kukisia kina cha usingizi. Hakitoshi kuonyesha mwili unavyoupokea wembe. Kwa hilo kuna vifaa vinavyopima upana wa mboni, unyevu wa ngozi, au tofauti ndogo za muda kati ya pigo na pigo zinazofuata pumzi. Tofauti hizo huletwa hasa na vagasi. Mwili ukiumizwa, hupungua, na namba kwenye mashine hushuka.

Je, mashine hizo zinatosha zenyewe? Hapana. Atropini huiharibu namba hiyo ya pumzi, sawa na mapigo yasiyo na mpangilio au betri ya moyo. Dawa za jamii ya mofini nazo husinyaza mboni. Namba ileile ina maana tofauti kwa wagonjwa wawili.

Ndiyo maana kabla ya operesheni utaulizwa kuhusu dawa za presha, kisukari, betri ya moyo na historia ya kuzimia. Taja zote, hata kidonge ulichoacha jana.